Alhamisi Ile Nilitia Sahihi Mimi, Afande

Afande,

Nimekaa mezani hapa tangu watoto waende misa, na karatasi hii ni ya tatu. Mbili nimezikunja nikazitupa. Ungekuwa hai ningesimama wima nikupigie saluti, nawe ungesema, "Kaa chini, Akello, hapa si gwaride." Basi nimekaa, mzee wangu. Nina jambo la kukuambia ambalo unalijua, na jingine ambalo hulijui.

Lakini nianze na habari za nyumbani, maana mtu akikuletea shida kabla ya salamu ulikuwa unamrudisha mlangoni aanze upya. Binti yako Zaituni amejifungua mtoto wa kike. Masikio ni yako matupu, bambi, maskini, Mungu amsaidie. Kaka yako Hajji bado yuko kwenye duka lake la kanzu pale Nakivubo. Mvua za mwezi uliopita zilimwingilia mpaka rafu ya chini, akautukana mfereji, akawatukana mainjinia, akamtukana hata mteja aliyekuja kumpa pole. Barabara yenu ya Kisugu imechimbwa tena na haijafukiwa. Na ile misheni yetu ya kulinda amani kule nje inafungwa, Afande. Wanakunja mahema na kupakia makontena, na ofisi yetu ndogo naambiwa imekuwa stoo ya viti vibovu.

Ni miezi minne sasa tangu ile asubuhi presha ilipokuangusha ukitia udhu. Nilikuja matanga, nikaja na arobaini. Nilikaa nyuma ya nyumba na akina mama wa jirani nikamenya matoke, nikasugua masufuria mpaka vidole vikakunjamana, ili tu mtu asije akaniita mbele niseme neno juu yako. Mkeo, Mama Zaituni, alidhani ni heshima. Alinishika bega akasema, "Huyu ndiye binti wa marehemu wa kazini." Nikainamisha kichwa ndani ya sufuria. Afande, sijawahi kuona haya namna ile.

Sasa wacha niyaseme yote toka mwanzo. Wewe huhitaji kukumbushwa. Ni mdomo wangu unaohitaji kuzoea, kwa sababu kesho lazima uyaseme mbele ya watu.

Nilipofika misheni nilikuwa najiona najua kila kitu. Nimezaliwa kambi ya polisi, baba konstebo kutoka Kitgum, Kiswahili changu nimekiokota uwanjani kati ya filimbi na matusi. Wewe kwenu ni Waislamu wa zamani wa hapa Kampala, mababu zako walipanda kutoka pwani na vitambaa vyao, na Kiswahili kwenu ni cha sebuleni. Siku ya kwanza tulipotoka pamoja nilimwamkia mwanamke mmoja njiani, ukanivuta pembeni ukicheka mpaka machozi: "Akello, unamwamkia mama wa watu kama umemkamata na mali ya wizi!" Tangu siku hiyo ukanifundisha kusalimia. Kuuliza mbuzi, kuuliza goti la bibi, kuuliza mvua ya shamba la bondeni. Nusu saa nzima! Nilikuwa natazama saa mkononi, mpaka siku moja ukaniamuru niivue niiache kwenye gari. Nilikununia jioni yote.

Nilidhani kazi ya kulinda raia ni doria. Magari meupe, kofia za bluu, askari wanaonekana, wabaya wanaogopa, basi. Makao makuu nao walidhani hivyo hivyo. Kila wiki fomu inakuja: doria ngapi, kilomita ngapi. Na kila wiki wanawake waliokuwa wakienda soko la Alhamisi walikuwa wakinyang'anywa njiani, wengine wakichukuliwa wasirudi. Upande mmoja watu wa mlimani na bunduki zao, upande mwingine watu wa mtoni na zao, na soko lipo katikati. Tulikuwa tukipita pale na magari, tukishatoka nyuma yetu wanaibiwa. Ukaniuliza, "Gari likiondoka, ulinzi unabaki wapi?"

Wewe hukuanza na makamanda. Ulianza kuuliza nani anamuuzia nani nini. Ndiyo tukampata Mama Furaha, muuza mawese. Amezaliwa mlimani, ameolewa mtoni. Kamanda wa huku anamwita shangazi, wa kule anamwita shemeji. Miezi mitano ulikunywa uji wake, Afande, ule uji mchungu wa mtama, na mimi nikiumwaga kisirisiri nyuma ya banda. Ukajua kwamba watu wa mlimani hawapati chumvi wala betri ila sokoni. Ukajua kwamba watu wa mtoni bila maharage ya mlimani watoto wao wanalala njaa. Ukaniambia maneno ambayo nayarudia mpaka leo nikiwa naosha vyombo: "Hii ndiyo siasa, Akello. Ile ya redioni ni kelele. Kaa na kila mtu mpaka ujue anaogopa kupoteza nini."

Makubaliano hayakuandikwa popote. Mama Furaha aliwakalisha makamanda wote wawili nyumbani kwake, akawaambia yeye akiwa katikati yao. Alhamisi, toka alfajiri mpaka mwanamke wa mwisho afike kwake, hakuna bunduki itakayoonekana sokoni. Ya mlimani hapana, ya mtoni hapana. Na yetu pia hapana. Hapo ndipo makao makuu walipopiga kelele. Mnalindaje soko ambalo hamwendi? Wewe kila wiki ukajaza fomu yao kwa mwandiko wako ule wa madrasa: doria sokoni, hakuna, sababu, tumeahidi. Zaidi ya mwaka mmoja, Afande. Zaidi ya mwaka mmoja hakuna mwanamke aliyechukuliwa siku ya Alhamisi. Hakuna aliyekupongeza, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya kuandika jambo ambalo halikutokea.

Kisha ukaja nyumbani wiki tatu kumwoza Zaituni. Ukaniachia funguo na muhuri wa ofisi. Nakumbuka ulivyokuwa umesimama na begi lako, una furaha ya baba wa bibi harusi, umenyoa ndevu vizuri. Ukasema, "Alhamisi utulie tu."

Sikutulia.

Ulikuja ujumbe wa wakubwa kutoka makao makuu. Walikuwa wamesikia kuna soko ambalo halishambuliwi, wakataka kulitembelea, na wangekuwepo hiyo Alhamisi tu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kukupigia simu. Nilijua utasema nini, ndiyo maana sikupiga. Nataka niliseme hili waziwazi kwa sababu nimelifunika miaka mitatu: nilitaka wanione mimi. Binti wa konstebo, niwatembeze wakubwa kwenye soko letu, nionekane. Fomu ya safari ilihitaji sahihi ya mkuu wa ofisi au anayekaimu. Nilitia sahihi yangu, nikapiga muhuri wako. Magari matatu, na askari wa kusindikiza wamekaa juu na bunduki zao.

Siku hiyo hakuna kilichotokea. Wakubwa walinunua ndizi, wakapiga picha na watoto, wakanipa mkono. Mama Furaha peke yake hakunisalimia. Alinitazama, akafunika madumu yake ya mawese, akaondoka kabla ya saa sita. Nikajisemea, leo huyu mama kaamka vibaya. Mimi, niliyefundishwa nusu saa ya salamu, nikaona mwanamke ameninyima salamu na sikumfuata kumuuliza.

Alhamisi iliyofuata watu wa mtoni wakaja sokoni na bunduki. Wakasema, kama za misheni zinaruhusiwa na zetu zinaruhusiwa. Alhamisi ya tatu wakaja wa mlimani na zao, risasi zikalia. Hayo mengine wewe ulirudi ukayaona, turubai zile zilizotandazwa nje ya zahanati, na Mama Furaha chini ya moja. Mimi nilitazama miguu yake tu. Siwezi kuandika zaidi hapo, unisamehe.

Uchunguzi ulipoanza uliniita kwenye chai. Uliniuliza swali moja tu, kama ni mimi, nikasema ni mimi. Ukakoroga kikombe ambacho hakina sukari. Ukasema, "Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wewe una watoto wadogo na miaka ishirini mbele yako. Nitawaambia nilikuruhusu kwa simu." Na ukawaambia. Mtu ambaye hakuwahi kunidanganya hata juu ya hali ya barabara alikaa mbele ya wale wachunguzi watatu akadanganya kwa ajili yangu, na mimi nimekaa kiti cha pembeni.

Kinachoniuma si kwamba ulinibeba. Kinachoniuma ni kwamba sikubisha. Hata mara moja, Afande. Hata kwa adabu tu, kama mgeni anayekataa chakula cha kwanza kisha anakula. Nilisema "asante" upesi, na nilikuwa nimeshaanza kupumua.

Wakakurudisha nyumbani kabla ya wakati. Na kuna jambo ambalo wewe hukulijua, kwa sababu ripoti hukuletewa. Mimi niliisoma. Kwa kuwa ulikubali kosa, hawakuuliza kosa lenyewe ni lipi. Waliandika kwamba afisa mzee aliruhusu ziara bila ulinzi wa kutosha. Kwamba doria zilikuwa chache. Kwamba soko lile lilihitaji askari zaidi. Neno makubaliano halimo. Mama Furaha ametajwa kama mmoja wa waliopoteza maisha, muuza mafuta, basi. Kazi yako yote ya uji na magoti ya mabibi imefutika, na aliyeifuta ni mimi kwa kunyamaza. Ningekuwa nimesema ukweli wa sahihi ile, wangelazimika kuuliza kwa nini siku moja ya magari yetu iliharibu kile ambacho mwaka mzima bila magari haukukiharibu.

Uliporudi Kampala nilikuona mara moja tu. Hilo pia hulijui. Nilikuwa likizo, nimeshuka Nakivubo kutafuta viatu vya shule vya watoto, nikakuona ndani ya duka la Hajji umeshika futi ya kupimia kanzu, unampima kijana mabega. Afande wangu! Ulikuwa umekonda. Ulikuwa unamuuliza yule kijana habari za kwao, naona mdomo unakwenda taratibu, na Hajji nyuma yako anaonyesha saa kwa hasira. Nilipaswa kuingia. Nikavuka barabara nikaenda Katwe, mahali ambapo hata viatu hawauzi, nikatembea kati ya wafua vyuma wakigonga mabati mpaka masikio yakaziba. Nilirudi nyumbani bila viatu na nikawadanganya watoto kwamba duka lilifungwa.

Sasa lile usilolijua kabisa.

Mimi ni mwalimu siku hizi. Cheka tu. Nafundisha kwenye chuo kinachowaandaa askari na polisi wanaokwenda misheni za nje, somo langu ni kulinda raia. Na katika mifano tunayotumia, mmoja ni soko la Alhamisi. Majina yametolewa. "Afisa mmoja mwenye umri mkubwa aliruhusu ziara bila ulinzi wa kutosha." Nimeufundisha mfano huo kwa mdomo huu huu, darasa baada ya darasa, na mwisho nawauliza wanafunzi afisa angefanya nini, nao wanajibu kwa pamoja: aongeze doria. Nami nasema vizuri.

Wiki hii kwenye darasa langu yuko Twaha wako. Ndiyo, mwanao. Amekuwa inspekta msaidizi, mrefu, amevaa sare imekaa sawasawa, ungemwona. Jumamosi ijayo anaondoka na wenzake kwenda misheni nyingine. Sikujua kama ataujua mfano ule. Juzi Ijumaa nilipofika pale kwa "afisa mwenye umri mkubwa" kuna mmoja nyuma akasema, "Huyo mzee alikuwa amelala," darasa likacheka. Twaha akanyoosha mkono. Akasimama. Akasema, "Madamu, yule mzee ni baba yangu. Naomba unieleze alikosea wapi, ili mimi nisikosee."

Banange, jamani, Afande. Mtoto hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa heshima, amekunja mikono nyuma, anangoja kujibiwa. Na mimi, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia tutaongea baada ya kipindi. Kipindi kilipoisha nikapitia mlango wa nyuma.

Jana nilikwenda Kisugu. Nilimkuta Mama Zaituni uani anachambua mchele, mjukuu amelala mgongoni. Nikapiga magoti nikamwambia yote, sahihi, muhuri, simu ambayo haikupigwa. Sikuficha kitu. Nilitegemea atalia, au atanifukuza, au labda, nisikudanganye, nilitegemea atanishika bega kama siku ya arobaini. Aliendelea kuchambua mchele mpaka sinia ikaisha. Kisha akasema, "Miaka mitatu alikaa pale kwenye kiti, kila simu ikilia anainuka akidhani wanamwita kazini. Ungekuja hata siku moja. Mbona umengoja mpaka asiweze kukusikia?"

Nilianza kulia, akanikataza. Akasema, "Usinililie mimi. Kamwambie mtoto wangu. Na usimwite pembeni. Mwambie mbele ya hao hao waliocheka." Akamgeuza mjukuu akaingia ndani, mlango hakuufunga, lakini hakunikaribisha.

Ndiyo maana nakuandikia leo. Kesho Jumatatu saa tatu asubuhi nina kipindi nao, cha mwisho kabla hawajafunga mizigo. Mkuu wa chuo sijamwambia, na akijua huenda nisiingie tena darasa lile wala jingine. Lakini najua nitakachosema. Sitaanza na ziara. Nitaanza na uji, na goti la bibi, na saa iliyoachwa kwenye gari. Nitawaambia lilikuwepo soko ambalo lililindwa na mwanamke mmoja muuza mawese na mzee mmoja wa Kisugu aliyekubali kuonekana mvivu kwenye fomu. Nitawaambia magari yetu hayakuwa machache, yalikuwa matatu zaidi ya tuliyoahidi. Nitawaambia nani alitia sahihi, jina langu lote, na jina la baba yangu.

Kitu kimoja kinanipa nguvu. Furaha, binti wa marehemu Mama Furaha, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu wiki iliyopita. Hajui habari ya sahihi, naye nitamwambia. Anasema soko limerudi. Akina mama wenyewe waliwaendea makamanda, huku na kule, wakakaa nao wiki baada ya wiki. Sharti ni lile lile, hakuna bunduki. Ila wameongeza moja: wakija tena watu wa misheni, waje kwa miguu, na waanze kwa salamu. Nilisikiliza ujumbe ule mara nne. Ningetoa chochote wewe uusikie.

Nikupe ahadi, Afande, mbele ya Mungu wako na wangu, ambao wewe ulisema ni mmoja. Twaha hatapanda ndege akiwa mtoto wa mzee aliyelala. Kama atanichukia, ana haki, nami nitasimama pale anichukie nikiwa namtazama. Na mfano ule, kama watanibakiza au watanifukuza, nitauandika upya kwa mkono wangu na kuwapa, wautumie au wautupe.

Pumzika, mzee wangu. Mola akupanulie nafasi huko uliko. Ila nakuomba kitu, kwa vile nakujua moyo wako ulivyo mwepesi: usinisamehe leo. Leo bado ni yule yule wa mlango wa nyuma. Ningoje mpaka kesho saa nne, nikishamaliza kusema.

Wako,
Akello